Kamba ya Ofisi na Matuta ya Mpui

Jumatatu, 3 Machi 1975
Waraka umefika kutoka Dar es Salaam. Nafasi za watafiti wenye shahada ya udaktari: udongo, samaki, historia, lugha. Mimi, karani wa masijala, nina Kidato cha Sita. Lakini mwishoni wameandika: "au ujuzi unaolingana na huo." Maneno matano! Nimeyapigia mstari. Waraka ulitakiwa ubandikwe ubaoni. Nimeukalia. Flavian, mpiga chapa wetu, asiuone. Ana mdomo wa profesa tayari.

Jumatano, 5 Machi
Taabu. Maombi yapitie kwa mkuu wa kazi. Ndugu Kalisti! Mwezi jana alimhamishia karani mmoja Wampembe, huko ziwani, kwa kusinzia tu. Mimi sijui kuogelea. Basi kwanza nifanye utafiti. Akiuona hawezi kukataa. Nimechagua udongo. Nitapima ntumba, matuta ya duara ambamo Wafipa huzika nyasi.

Jumapili, 9 Machi. Mpui
Nilifika jana kwa lori. Leo watu wakiwa misani nimeingia shambani na vigingi, daftari na kamba ya kufungia mafaili. Matuta arobaini na moja! Kisha misa ikaisha. Mama Bertilla, mwenye shamba, akauliza kwa mbali nani kanituma. Nikamwamkia shikamoo, nikasema napima tu. Kosa! Mwaka jana, kabla ya watu wa hapa kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, walipimwa hivyo hivyo. Akasema alishahama mara moja na kitanda kichwani, hahami tena. Nirudi nikampime aliyenituma. Waliotoka naye misani wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Nilikimbia. Kamba imebaki.

Jumatano, 12 Machi
Barua kutoka Mpui. Bahati nzuri barua zote huanzia masijala, yaani kwangu. Kijana mwembamba, shati jeupe, mwenye uso wa woga, amepima mashamba. Watu wameacha kulima. Wameambatisha kamba. Nimeficha vyote viwili katika faili la Mbwa Wenye Kichaa. Halijafunguliwa tangu 1971. Salama!

Alhamisi, 13 Machi
Mbwa amemuuma Flavian. Ndugu Kalisti akaagiza faili lile lile.
Akaisoma barua yote. Flavian, mguu juu ya kiti, akasema kamba ile ni ya ofisi hii. Nikasema kamba zote zinafanana. Mkuu akaitazama kamba, kisha shati langu. Akasema: Ndugu Ambakisye, nenda Mpui, uwatulize wananchi, umchunguze mtu huyo, uandike ripoti kamili. Ikikosa jina lake, usirudi hapa, upitilize Wampembe. Nikajibu ndiyo, Ndugu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimefikiri vizuri. Kuhoji wananchi, kuandika ripoti, mkuu wa kazi kutia saini: si ndio utafiti wenyewe? Na ataupitisha kwa mkono wake! Nimehama udongo, sasa ni historia. Kichwa: "Mpimaji Asiyejulikana wa Mpui." Penye jina nitaandika kwamba uchunguzi unaendelea.
Lori linaondoka saa nne. Nimevaa shati jeupe, ndilo pekee lililo safi. Matuta yale arobaini na moja nayo yasipotee bure; nikifika nitamalizia yaliyobaki. Safari hii nimechukua kamba ndefu zaidi.