Malalamiko Kuhusu Meza Yetu, Chafya Zangu na Soketi za Kibodi

Jamhuri, Nairobi
Jumatatu asubuhi

Kwa Bwana na Bi. Ndegwa,
Wasimamizi wa ndoa yetu,
Karen.

Wapendwa Ndegwa na Wahu,

Nawasalimu kwa heshima zote, nikitumaini nyumba yenu ni salama na maua yenu yamepata mvua. Mtakumbuka kwamba miaka thelathini na mmoja iliyopita mlisimama nasi madhabahuni, na mchungaji akatuagiza kwamba tukikosana tusikimbilie kwa wazazi wala kwa majirani, bali tuanze na ninyi. Tangu siku hiyo sijawasumbua. Hata mke wangu Kavata alipopaka sebule nzima rangi ya samawati nikiwa safarini Kitui, nilinyamaza. Sasa yamenifika hapa shingoni, na ninawaomba mje Jumamosi mtuamue.

Kazi yangu mnaijua. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa na kibanda River Road, nikitengeneza redio, kisha televisheni, kisha laptopu. Miaka miwili iliyopita mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari aliupa ugonjwa huo jina refu, nami nikafunga kibanda na kurudi nyumbani na vifaa vyangu ndani ya sanduku. Mwezi wa Januari Kavata alilifungua sanduku hilo akitafuta bisibisi. Huyu ni mwanamke aliyefuma vitambaa vya makochi maisha yake yote. Aliniuliza maswali mawili matatu kuhusu pasi ya kulehemu, nami nikamjibu kwa mzaha. Hilo ndilo kosa langu pekee katika kesi hii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Meza ya kulia chakula imetekwa. Juu yake kuna taa, lenzi, vibano, risasi ya kulehemu na bodi za laptopu za watu nisiowajua. Tunakula sahani zikiwa mapajani, kama watu waliokuja matangani wakachelewa. Najua huko Karen mna meza ya kulia, meza ya chai na nyingine ya kuwekea maua tu, kwa hiyo huenda msielewe. Sisi tunayo moja.

2. Nimenyimwa chafya. Ndani ya laptopu kuna waya bapa, mwembamba kama utepe, unaotoka kwenye kibodi. Unaingia katika soketi pana kama ukucha wa kidole kidogo, yenye miguu zaidi ya thelathini, na kila mguu lazima ulehemiwe peke yake bila kugusa jirani. Soketi hii ina tabia ya kuruka. Mwezi jana nilipiga chafya moja, ya kawaida kabisa, ikaruka. Niliamriwa kupiga magoti na kuitafuta kwa tochi ya simu, na nikaipata ndani ya soksi yangu baada ya dakika arobaini. Tangu hapo, nikihisi chafya inakuja, natoka nje kwanza. Majirani wanadhani nimeanza kuvuta sigara.

3. Kufagia kumepigwa marufuku mpaka taka zipitishwe kwenye kichujio cha chai. Kichujio tunacho kimoja. Sitasema zaidi.

4. Ibada imeingiliwa. Tukiombea chakula, Kavata humaliza kwa kumkumbusha Mungu mguu wa kumi na saba wa bodi fulani, ambao haujashika vizuri. Nimesema amina kwa ajili ya kibodi ambazo sijawahi kuziona. Naomba mtuambie kama amina za namna hiyo zinahesabiwa.

5. Limeondolewa.

6. Wateja hawanioni. Njuguna, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika pasi na ambaye leo ana kibanda kikubwa kuliko changu, hutuletea kila bodi iliyowashinda mafundi wenzake. Anagonga, nafungua, ananiangalia vizuri machoni na kusema, “Sasa mzee. Mathe ako?” “Mathe” ndiye Kavata. Mlangoni pangu. Zamani alikuwa akiniambia “mwalimu.” Nilitumaini Kavata ataharibu moja tu, nije nimsaidie na kumwonyesha inavyofanywa. Nimengoja miezi minne. Hajaharibu, na hilo linaniuma kuliko meza na kichujio pamoja.

7. Shtaka kubwa nimeliweka mwisho. Alhamisi iliyopita Kavata alienda kwenye ushirika wa akina mama, akaacha bodi ya Njuguna mezani na soketi mpya kando yake. Nilijiambia kwamba miaka ishirini na saba haiwezi kutoka mkononi kwa miaka miwili. Nikaketi, nikawasha pasi, nikashikilia kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto. Miguu minne ya kwanza ilishika vizuri. Kwenye wa tano mkono ukaruka, risasi ikamwagika juu ya miguu mitatu, na ukingo wa plastiki ukayeyuka. Nikazima pasi, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikanawa na kukaa na gazeti. Sikusoma hata mstari mmoja.

Kavata alirudi, akatazama mezani kwa muda, akaenda kupika chai. Ijumaa Njuguna alikuja, bodi ikiwa imepona na soketi nyingine imekaa vizuri. Akaigeuza chini ya taa, akasema, “Mathe, hii ilikuwa imeshinda watu wote River Road.” Kavata akamjibu bila kuinua macho: “Hiyo ni kazi ya mzee.” Njuguna akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani akiwa mwanafunzi. Akanipa mkono, akasema, “Asante, mwalimu.” Nami nikasema karibu.

Ndugu zangu, huo ni uongo. Umesemwa mbele ya shahidi, na mtu anayehudhuria ushirika, siku mbili kabla ya meza ya Bwana. Kwamba mimi niliukubali uongo huo ni jambo dogo, nami sioni haja ya baraza kulijadili.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Meza irudi kwenye kazi yake. Haki ya chafya irejeshwe kwa maandishi. Kavata aende River Road mwenyewe, asimame mbele ya Njuguna, akiri kwamba soketi ile aliiweka yeye. Na iwe sharti kuanzia sasa kwamba mke yeyote aliyefungishwa ndoa kanisani asilehemu chochote bila idhini ya mume aliyewahi kuwa fundi. Najua katika ushirika wetu hilo litatuhusu sisi wawili tu.

Nisalimieni watoto, mama mkwe wa Ndegwa, mlinzi wa getini aliyenipa mwavuli, na wote wanaonikumbuka.

Wenu katika kutafuta haki,

Mutinda Masila

Tanbihi ya Jumatano: Naona ni vizuri mjue kwamba barua hii imeandikwa na Kavata, kwa sababu maandishi yangu siku hizi hayasomeki hata kwangu. Mimi nilisema, yeye akaandika, meza ikiwa imesogezwa kidogo. Katika namba tano nilikuwa nimesema kwamba risasi yake haing'ai kama yangu. Aliweka kalamu chini, akaniletea bodi mbili na lenzi, nikaona inang'aa, nikasema liondolewe. Tulipofika namba saba nilisita, na yeye akangoja. Kisha akasema, “Endelea, naandika,” nikaendelea mpaka mwisho. Hakubadilisha hata neno moja, ila aliniuliza kama plastiki iliyoyeyuka nataka iandikwe, nikasema iandikwe.

Jumamosi msije kwa ajili ya kesi. Tumeletewa bodi sita, na imegundulika kwamba mkono wangu wa kushoto hautetemeki. Mimi nashikilia bodi na kuangalia moshi, na risasi ikiiva nasema “toa,” naye anainua pasi. Jana tumemaliza mbili hivyo. Mkipenda kuja kula, njooni, lakini sahani ni mapajani.

Sahihi hapo juu ni yangu mwenyewe. Ni hiyo iliyopinda. Kavata alinishikia karatasi isisogee.