Wembe wa Libérat na Jogoo wa Bernardine

Jumatatu, 2 Julai 1956

Bernardine amekwenda Lubarika. Binti yetu Agnès amejifungua, na mke wangu amepanda lori la pamba na furushi lake na maagizo yake. Nisishinde kwa jirani Ernestine nikisubiri chungu kiive. Nisigombane na watu. Na jogoo wake mwekundu nimtunze kama roho yangu. Nimeapa. Lori lilikuwa linaondoka, kuapa kulikuwa rahisi.

Sasa habari kubwa. Jumamosi ya juma lijalo Apollinarie, binti ya mdogo wangu Habonimana, anaolewa hapa hapa kwetu Mulongwe, Uvira. Anatafutwa msemaji wa upande wetu. Nani kama si mimi? Msemaji ndiye anatia mrija wa kwanza katika mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kabla midomo ya wengine haijaifikia, ee Mungu wangu! Nangojea mrija ule tangu nikiwa kijana. Lakini Habonimana akanitazama kidevu. Akasema, "Mukubwa, weye iko na ndevu kama mbuzi aliyenyeshewa. Wakwe ni watu wa misheni. Ukibaki hivyo, atasema Donatien."

Donatien! Binamu yetu. Na ndiye kinyozi, wa pekee upande wetu wa mto. Ameapa sitakalia kigoda chake tena, eti kwa sababu nilitangazia watu kwamba alimnyoa katekista akamkata nusu ya sikio. Ilikuwa ncha tu, nakubali. Lakini habari ya ncha nani ataisikiliza?

Jumanne, 3 Julai

Nimepata dawa! Nimeteremka bandarini Kalundu kumwona Libérat, mpishi wa meli, muntu mwenye sanduku la maajabu. Kanitolea wembe wa kukunja, wa kizamani, mpini wa pembe ya ng'ombe. Kutu kidogo. Yaani kutu mahali pote, na chuma kidogo. Ulikuwa wa ofisa Mdachi, Mjerumani wa vita ya kwanza, asema. Kila kitu cha Libérat kilikuwa cha Mdachi. Hata ule mwavuli alioniuzia mwaka jana, ambao Mdachi alibaki na kitambaa chake.

Akataka jogoo. Nikasema sina jogoo. Akasema alipopita kwangu alimsikia akiwika.

Nimempelekea. Jogoo hakulia njiani. Alinitazama tu, kwa jicho la Bernardine.

Jumatano, 4 Julai

Kazi imeanza. Nimesugua kutu kwa mchanga wa ziwani, majivu na ndimu. Kutu imetoka. Chini ya kutu kulikuwa na mashimo. Si kitu, hata uso wangu una mashimo, wataelewana.

Mpini ulinuka, nikauchemsha. Kumbe pembe haichemshwi! Imelegea, imejipinda kama ndizi, na sasa wembe ukiukunja unachungulia nje upande mmoja kama mgeni dirishani. Ernestine alisikia harufu, akaja na sahani. Akauliza, "Baba Agnès, leo umepika kwato?" Nikamwambia ni kazi ya mafundi, hataelewa. Akaenda na sahani yake, amekasirika.

Alhamisi, 5 Julai

Kunoa. Minye nimenoa majembe na panga tangu ujana wangu pale Runingu, nani atanifundisha? Nimechukua jiwe la jembe la Ernestine (amelala mchana, sikutaka kumwamsha). Nikatemea mate, nikainua mgongo wa wembe juu, nikasukuma kwa nguvu kama tunavyofanya panga. Cheche! Sauti tamu! Nikajaribu kwenye mgomba, ukaanguka. Nikajaribu kwenye unywele wa mkono, unywele ukalala chini, nilipoondoa wembe ukasimama tena.

Nimekumbuka kwamba Donatien, baada ya jiwe, hupiga wembe kwenye mkanda wa ngozi. Mkanda ninao, ule wa suruali. Nikaufunga mlangoni, nikasukuma wembe mbele, makali mbele. Mkanda ukawa mikanda miwili. Kwa hiyo wembe unakata! Nikatoka nje kwa furaha kumwonyesha Ernestine, na suruali ikabaki mlangoni.

Ernestine alikuwa na mke wa katekista. Wamesema watanisamehe, lakini si leo.

Jumamosi, 7 Julai

Leo nimenyoa. Mwenye akili hajaribu kitu kipya mahali penye thamani. Kidevu ni cha harusi. Basi nikaanza na kisogo, maana kisogo nani anakitazama? Na kofia ninayo.

Wembe ulikwenda vizuri upana wa kidole. Halafu ukaruka. Ukashika tena pembeni ya sikio, ukaruka tena. Nikatazama kwenye kioo cha Bernardine: kichwa kimekuwa kama shamba la mvivu. Nikasema nisawazishe kidogo. Nikasawazisha. Nikasawazisha usawazisho. Jua lilipoelekea ziwani kichwa chote kilikuwa kitupu, kinang'aa, na damu hapa na pale nimebandika majani. Nikageukia kidevu. Wembe ukakataa kabisa! Makali yote yameishia kichwani.

Kwa ufupi: juu yai, chini mbuzi.

Jumapili, 8 Julai

Misa. Nilikaa nyuma na kofia. Nilisahau jambo moja: mwanaume haingii kanisani na kofia. Mzee wa kanisa akanigusa bega. Nikavua.

Vichwa vyote vikageuka. Halafu Ernestine akapiga yowe lililomfanya padri apoteze ukurasa. "Bernardine weee!"

Minye nilikuwa bado sielewi. Mpaka nje, wanawake wakiwa wamejishika vichwa, ndipo nikakumbuka. Kwetu, mwenye kunyoa kichwa chote ni aliyefiwa. Nani asiyejua? Minye najua. Nilijua hata nikinyoa, lakini nilikuwa na kazi. Na wote walijua mke wangu iko Lubarika kwenye mambo ya uzazi na barabara na malori.

Nilikuwa nimefungua kinywa niwaambie. Naapa. Lakini Donatien alinifikia kwanza. Akanikumbatia, analia, kamasi zote begani kwangu. Akasema ugomvi wetu umekwisha, nimsamehe, maisha ni mafupi. Akanishika kidevu, akasema, "Binamu, hata ndevu hukuweza kumaliza, mikono ilitetemeka kwa uchungu." Akanikalisha kwenye kigoda chake mbele ya watu wote, akaninyoa. Wembe wake hauna sauti. Kidevu changu kimekuwa laini kama kisogo cha kitoto!

Na nikifika nyumbani nakuta mikeka, kuni, mtungi wa kasiksi. Na majogoo. Mmoja mwekundu! Watu wananiuliza, ilikuwaje huko Lubarika? Nikajibu kwamba Mungu ndiye anayejua. Si uongo, anajua. Minye sikusema neno lingine. Kunyamaza ni dhambi? Kama ni dhambi, basi samaki wote wa ziwa hili wako motoni.

Jumatatu, 9 Julai

Matanga yanakwenda vizuri. Nakula, nanywa, nainamisha kichwa. Hesabu yangu ni safi: kidevu cha harusi ninacho, jogoo mwekundu badala ya jogoo mwekundu ninaye, na Bernardine akirudi nitasema Ernestine ndiye aliyeanza kupiga yowe.

Halafu Habonimana akaja kukaa karibu yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini nisihangaike na harusi. Mfiwa hasemi penye harusi, hakai hata mbele, anamletea bibi harusi mkosi. Donatien atasema kwa niaba yangu. Na mrija wa kwanza atauvuta kwa kunikumbuka.

Mrija wangu!

Nikaruka. Nikapiga kelele, "Bernardine iko mzima! Hajafa! Anapika ugali sasa hivi!" Mnafikiri waliniamini? Wanaume wakanishika mikono. Wazee wakatikisa vichwa, eti mimi Nyandwi uchungu umenifika kwenye ubongo. Ernestine akanimwagia maji. Donatien akanikalia miguu, analia upya, maskini, na ni mzito yule.

Jumanne, 10 Julai

Bernardine amerudi.

Kuna muntu wa baiskeli alifika Lubarika na habari kwamba mke wa Nyandwi wa Mulongwe amefariki. Mke wangu alijipapasa, akajikuta mzima. Basi akaona jambo moja tu linawezekana. Akapanda lori la kwanza, akaingia uani katikati ya waombolezaji, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: huyo mke mwingine ni nani, na amezikwa wapi?

Wengine walikimbia. Donatien alizimia juu ya miguu yangu.

Nimeeleza yote. Karibu yote. Alisikiliza, akanitazama kichwa, akanitazama kidevu, halafu akamtazama jogoo. Akasema huyu si wake. Nikasema huzuni imembadilisha. Akasema wake alikuwa na mkia.

Jumatano, 11 Julai

Wazee wamekaa. Mimi nilidai harusi yangu: marehemu ameonekana, matanga yamefutika, nirudishiwe usemaji. Wakanywa, wakafikiri, wakanywa. Hukumu: pombe ya matanga imekwisha kunywewa, hairudi mtungini. Kichwa kilichonyolewa kimenyolewa. Nitabaki mfiwa mpaka nywele zirudi.

Nikamwomba Bernardine anitetee. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka wake wa matanga, anakunywa kasiksi iliyoletwa kwa ajili yake. Akasema maiti hawasemi mbele ya wazee.

Nikamwomba basi chakula. Akasema maiti hawapiki pia.

Jumamosi, 14 Julai

Harusi. Niliwekwa nyuma ya jiko pamoja na masufuria, kichwa chini ya kitambaa cha Ernestine ili bibi harusi asikione. Kidevu kizuri kuliko vyote Uvira, na moshi peke yake ndio uliokiona.

Donatien alisema. Nilitega sikio nisikie akikosea. Hakukosea. Wakwe walicheka mahali pa kucheka. Mwishoni akasema maneno haya yangesemwa na binamu yake mkubwa, mwenye ulimi kuliko wote, ila hali yake ya kichwa haimruhusu. Watu wakacheka zaidi. Akavuta mrija wa kwanza, na hapo nilimwona akikunja uso na kushika shavu.

Bernardine aliniletea nyama kwenye jani. Marehemu ana roho nzuri. Nikamwambia nimekoma na vitu vya Libérat. Akasema amesikia. Hakusema ameamini.

Jumapili, 15 Julai

Nimeuchunguza moyo wangu wakati wa misa (nilibaki nje, kwa sababu ya kofia). Kosa nimelipata. Ni mpini. Nisingeuchemsha, leo ningekuwa muntu mwingine.

Baada ya misa nimepata habari: shavu la Donatien limevimba kama embe. Ni jino la nyuma. Muganga wa zahanati ni wa Alhamisi tu. Anateseka, binamu yangu, aliyenililia mara mbili. Na ubatizo wa mtoto wa Agnès unakaribia, na msemaji mwenye jino bovu atasemaje?

Nilimkuta Libérat njiani kwa bahati, nilipokwenda kumtafuta. Ana koleo la kung'olea meno. Ya zamani, imara, kutu kidogo tu. Ilikuwa ya daktari Mdachi.

Na huyu jogoo mpya wa Bernardine, hata kama mkia hana, anawika vizuri sana. Mpaka Kalundu anasikika.