Siku Tano za Kwenda kwa Dessalegn

Pagume 1, Jumamosi

Wote wanaisimulia vibaya! Pita sokoni uwasikie: ati mimi Wubshet nilinuniana na Dessalegn kwa sababu nilichelewa karamu ya chama chetu cha Mikaeli. Uongo mtupu. Sikuchelewa. Wao walianza mapema. Naingia, mkate umeisha, na Dessalegn kasimama mbele ya wazee wenzangu, anasema huyu atachelewa hata maziko yake. Wakacheka wote, na padri naye. Miaka sita sasa simsemeshi.

Leo huyo padri, Abba Gebre-Kidan, baba yangu wa kiroho, kaja kunywa kahawa na kuniharibia siku. Kasema Dessalegn anaumwa, pumzi inamwishia. Kasema wenzetu wa nchi nyingine wana miezi kumi na miwili tu, sisi Mungu katuongezea huu wa kumi na tatu, Pagume, vijisiku vitano, na ataniuliza nilivifanyia nini. Nipande kilimani kwake tupatane kabla ya Mwaka Mpya. La sivyo, nisisogee kupokea Komunyo.

Nimepiga hesabu. Siku tano, safari moja, mwendo wa nusu saa. Zinabaki siku nne na ushee! Halafu, Pagume nayo ni siku? Hata wenye kazi za ofisi hawalipwi mshahara wa Pagume. Mabosi hawaihesabu, Mungu mwenye shughuli nyingi aihesabu?

Pagume 2, Jumapili

Nimetoka kanisani moja kwa moja kuelekea kilimani. Mashahidi ninao. Njiani nikakutana na Mulat, jirani yangu, mtu mwenye roho finyu. Akauliza mtaa mzima usikie: haya, Wubshet, unakwenda kupiga magoti? Magoti! Mimi niliyevusha nyumbu arobaini wa mizigo mto ukiwa umefurika! Nikamjibu nakwenda kwa mama Almaz kunywa tela, pombe yake ya shayiri. Basi ikabidi niende kweli, nisiwe mwongo siku ya Bwana. Nikanywa vikombe vitatu, ukweli ukamilike.

Pagume 3, Jumatatu

Sikukuu ya malaika Rufaeli. Mvua ya leo ni baraka, hata vichanga wanaogeshwa nayo. Nikapata akili! Kwa nini niende kwa Dessalegn kama mwombaji? Niende kama mleta dawa! Nikaweka mtungi uani, nikaulinda tangu asubuhi. Kukavu. Adhuhuri, kukavu. Yeshimebet, mke wangu, akasema kwa muda niliokodolea mawingu ningeshapanda na kushuka mara sita. Huyu haelewi mipango.

Saa kumi ikashuka mvua ya kweli. Nikalowa mpaka kwenye mifupa. Mtungi ukajaa pomoni. Nikaingia kubadili nguo, kutoka, mtungi mtupu! Yeshimebet kaukandia unga maji yote! Ati baraka ni ya kula, we mzee, na Dessalegn naye ana paa, imemnyeshea huko huko.

Pagume 4, Jumanne

Homa. Malaika naye ana utani wake.

Tirunesh, binti wa Dessalegn, kaja. Kasema, baba mdogo, baba hali tena chakula. Anauliza kama miguu yako bado mizima. Nikasema mwambie kesho. Akanitazama. Akauliza, kesho ya lini, baba mdogo? Hana adabu, kafanana na babake.

Alipoondoka nikabaki naangalia bati. Ujanani tulikuwa watu wa misafara, mimi na Dessalegn, tunapeleka chumvi. Mimi kuamka sijui, sijawahi kujua. Kila alfajiri alirusha kokoto juu ya bati langu, kwaa! Nikitoka namkuta kasimama na nyumbu wawili, wake na wangu, wote wameshafungwa mizigo. Miaka kumi na tisa hivyo. Hakunisema. Kaja kunisema siku moja tu, kwa sababu ya mkate, nikamnunia miaka sita.

Nimeliwaza hilo kwa muda. Kisha homa ikapanda, nikaliacha.

Pagume 5, Jumatano

Ushindi! Nimepanda kilima kwa miguu yangu, na homa yangu, kabla ya jua. Nimemkuta Dessalegn kitandani, mwembamba kama fimbo. Nikamshika mkono. Mimi ndiye niliyeanza: nisamehe, ndugu yangu. Akalia. Nikalia kidogo, kiume. Tukala mkate mmoja, ule ule wa maji ya Rufaeli. Jioni nimemweleza Abba yote, akafumba macho kushukuru.

Meskerem 1, Alhamisi

Mwaka Mpya. Maua ya manjano kila mlango. Nimepokea Komunyo. Abba kanitaja mbele ya kanisa zima: tazameni Wubshet alivyoitumia Pagume yake! Mulat kakunja uso, raha iliyoje. Tirunesh alikuwa upande wa wanawake. Hakukunja uso. Alinitazama tu.

Haya. Daftari halina mdomo, nikuambie. Hapo jana sehemu moja nimeitunga. Sikupanda.

Nilikuwa nimelala. Kwaa! juu ya bati. Nikatoka na shuka, nikamkuta Dessalegn juu ya nyumbu, Tirunesh kamshika kiuno asianguke, na kokoto ya pili iko tayari mkononi. Akasema, amka, Wubshet, tumechelewa. Na lile neno la nisamehe, alilisema yeye. Mimi nilikuwa bado natafuta kiatu.

Abba nitamwambia ukweli. Lazima. Pagume ijayo, wakati wa toba.

Dessalegn alipokuwa anageuza nyumbu aliomba kesho yake, yaani leo, nipande mimi, maana yeye njia hii haiwezi tena. Nikamwambia taratibu, ndugu yangu, mwaka ndio kwanza unaanza, tuna miezi kumi na mitatu mizima. Akacheka mpaka akakohoa, na alikohoa muda mrefu.