Meza ya Kumzuia Mama

Jumamosi, 3 Agosti
Meza yetu imekufa leo asubuhi. Ilikuwa ya zile mbao za unga: unga wa mbao, gundi, na juu karatasi yenye picha ya mti. Ilikunywa maji miaka mingi, kingo zikavimba. Leo Bibi kaweka sufuria, mguu ukang'oka. Bibi amesema afadhali imetangulia, alidhani atatangulia yeye.

Mchana kila mtu amekula kivyake. Baba kwenye kochi, Bibi jikoni, Shangazi chumbani kwake, mimi kizingitini. Mama anafanya kazi mji wa mbali. Atakuja tarehe kumi na saba, kwa siku mbili tu. Akikuta tunakula kama abiria kituoni, ataona hakuna cha kumweka. Mimi nataka abaki. Sijamwambia mtu.

Nimefikiri sana. Likizo iliyopita meza iliyumba, Mama akala haraka, akaenda kupanga nguo. Mtu akiegemeza viwiko kwenye meza imara hanyanyuki upesi. Kwa hiyo: mbao halisi. Nzito.

Jumapili, 4 Agosti
Pigo. Baba anataka meza ya dukani, ya unga tena. Shangazi, dada yake, ndiye aliyemtia maneno. Tumekwenda wote watatu. Shangazi alijitazama kwenye meza moja inayong'aa, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akasema meza hii ina adabu, inamwonyesha mtu alivyo. Nilichunguza. Kila meza ilikuwa na fundo lilelile la mti, mahali palepale. Nikamwonyesha Baba. Baba akasema hata pacha hufanana. Shangazi akaniuliza tangu lini nimekuwa mkaguzi wa misitu.

Jumatano, 7 Agosti
Jaribio la kisayansi, kama tulivyofundishwa: vitu viwili, hali moja. Jana niliomba kipande cha mbao halisi kwa seremala wa mtaani, nikakiloweka pamoja na kipande cha meza marehemu. Beseni moja. Matokeo bora kabisa. Cha unga kimekuwa uji. Cha mbao kiko vilevile.

Dosari moja. Mbao imetoa rangi ya kahawia, na chini ya povu la beseni palikuwa na gauni jeupe la Shangazi. Amesema kaka yake hakuzaa mtoto, alizaa kesi. Lakini Baba aliuvuruga ule uji kwa kidole, akasema haya, twende kwa seremala. Gauni limekufa kishujaa.

Jumamosi, 10 Agosti
Seremala huyu watu humwita Fundi Kesho. Alimwahidi jirani kitanda cha mtoto. Mtoto sasa yuko darasa la tatu, kitanda bado kinakuja. Leo amesema meza haitawezekana kabla Mama hajafika. Eti mbao zake ni mbichi, zimetoka kupasuliwa juzi, lazima zilale kivulini miezi kadhaa, la sivyo zitapinda. Nikatambua mara moja: kisingizio.

Nikamleta Bibi. Bibi akakaa juu ya benchi la kazi, akasema hana haraka, atangoja hapohapo, chakula ataletewa. Fundi alizungukazunguka, mwishowe akashika randa. Akasema ikipinda tusimlilie. Bibi akamjibu kwamba machozi yote yameshaishia kwenye kesho zake.

Alhamisi, 15 Agosti
Meza imefika. Miguu kama ya tembo. Inanukia mvua. Nimelaza shavu juu yake, na shavu likatoka na unyevu. Hapo nikaingiwa na wasiwasi kidogo. Huenda Fundi alisema kweli. Si neno. Kibichi hukaushwa. Nikawaomba wabebaji waiache uani, penye jua kali.

Nilikaa karibu nikisoma jiografia. Mara ikalia: kwaa. Nikafurahi, nikidhani ni maji yanaaga.

Jioni kingo mbili zimeinuka na katikati pamebonyea. Bibi ameizunguka, akaniambia mke mwenzangu, tumeagiza meza tumeletewa mtumbwi. Shangazi ameleta kiti, ameketi kuitazama.

Jumamosi, 17 Agosti
Mama amefika. Amekonda. Ananukia sabuni nisiyoijua.

Tumekaa wote watano mezani. Njegere ndizo zilizoanza safari kuelekea katikati, kisha sahani zenyewe. Kila mtu akashika yake kwa mkono wa kushoto. Shangazi akasema hii nayo ina adabu yake, inakusanya ndugu. Mama alicheka mpaka akaegemeza viwiko. Vyote viwili! Chakula kikapoa na hakuna aliyenyanyuka, maana ukiiachia sahani yako inampiga jirani.

Nikaona ndiyo saa yenyewe. Nikamwuliza kama atabaki. Mama alinitoa njegere kwenye nywele, akasema kazi inamngoja, mwanangu, na mwezi wa kumi na mbili si mbali. Baba akawa anaitazama sahani yake kama kitu kipya.

Jumatatu, 19 Agosti
Mama ameondoka na basi la asubuhi. Kiti chake nilikisogeza ukutani. Baadaye nikakirudisha.

Baba amesema meza ikae hivyohivyo mpaka ikauke, ndipo ipigwe randa upya. Shangazi amesema basi yeye atakula na kamba ya kufungia sahani.

Nimetafakari mpango ulishindwa wapi. Meza haina kosa. Kosa ni hili: Mama hakufungua begi. Siku zote mbili nguo zake zilikaa humo, sakafuni, kwa kuwa kabati limejaa mashati ya Baba. Mtu mwenye nguo begini ni mgeni. Mtu aliyetundika nguo amefika kwake. Kwa hiyo: kabati. Mbao halisi. La Mama peke yake.

Nimetoka kwa Fundi Kesho sasa hivi. Nimempa kipimo cha gauni refu kuliko yote ya Mama, nikikadiria kwa mikono. Amenionyesha mbao zilizoshushwa leo, bado zinadondosha maji, akasema ni za mwakani hizo. Nimemwambia visingizio vyake navijua. Aanze leo.