Mimi Niliyekwama Namanga

Leo nimeaibika, jamani, na aliyeniaibisha anaandika kunishinda. Wacheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa Wambui.

Asubuhi nilikuwa saiba hapa Kitengela, kwenye kompyuta za kukodi. Mnajua ninavyohifadhi riwaya yangu: kila nikimaliza sura, ninajitumia kwa barua pepe. (Flashi ilikufa kwa virusi, sura nzima zikaenda nayo. Nililia.) Nikafungua, nikakuta ujumbe: "Kisanduku chako kimejaa. Thibitisha neno lako la siri kabla ya jioni, la sivyo kila kitu kitafutwa."

Kila kitu! Mtu anayeweza kuandika kurasa kumi juu ya ukimya wa ng'ombe hakujiuliza swali moja tu: wenye kisanduku wanataka neno langu la siri la nini, na mlango ni wao? Nikaliandika. Kisha nikaenda kunywa chai, nikijisikia kama mtu aliyeokoa mtoto motoni.

Mchana simu ikalia. Ujumbe wa Kioko, wa kundi letu la waandishi: "Pole sana ndugu. Barua yako imetutoa machozi. Wambui ameenda kukutumia pesa za kitabu. Jikaze."

Barua gani? Nikarudi saiba mbio. Neno langu la siri likakataliwa.

Pesa za kitabu, kwa wasiojua, ndizo tulizochanga kidogo kidogo tuchapishe mkusanyiko wetu wa kwanza. Humo mna hadithi ya yule mwalimu wetu mstaafu wa Isinya, anayetaka kukishika kitabu kabla macho hayajamwisha kabisa.

Nikampigia Wambui, mweka hazina wetu.

"Wambui, usitume! Ni mimi, Mutinda!"

"Ala! Mutinda ameibiwa simu. Kwa hivyo mwizi ni wewe! Na huna haya, unanipigia nayo!"

"Haki niko Kitengela!"

"Mutinda yuko Namanga, hana hata viatu. Ameniandikia mwenyewe."

"Niulize kitu chochote!"

"Haya. Riwaya ya Mutinda inaanzaje?"

Nikavuta pumzi. "Jua liliinama juu ya mbuga kama mjane aliyechoka kuhesabu..."

"Mkora wewe! Hiyo ameisomea watu mpaka makanga wa matatu wanaijua."

Akakata.

Nikakimbia. Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi wetu mnaujua. Kiatu kimoja kikabaki huko. Nikafika kwenye duka la kutuma pesa analolitumia Wambui siku zote, nikihema, tope hadi magotini, mguu mmoja na soksi. (Yaani nimefanana kabisa na yule wa Namanga.)

Wambui alikuwa dirishani, pesa ameshaziweka kwenye simu, anabonyeza nambari moja moja.

"Wambui!"

Akageuka. Akanitazama juu mpaka chini.

"Umetoka Namanga saa ngapi?"

"Sijaenda Namanga!"

Foleni nzima ikageuka. Kumbe alikuwa amewasomea barua! Mama mmoja muuza mboga alikuwa akijifuta macho kwa leso. Mzee wa Kimaasai kutoka Bisil akaniuliza kwa upole, "Ero, kijana wangu, kama si wewe uliyeandika, ni nani? Maana huyo tulimsikia."

Nikaomba niisome. "Niko Namanga. Wamechukua simu, pesa na viatu. Naona aibu kuwaomba. Mhudumu wa hoteli ameniazima nambari hii. Tafadhali msimwambie mama."

Basi. Hakuna zaidi.

"Nilishangaa kidogo," Wambui akasema, akizima simu yake polepole. "Hakuna jua linaloinama popote. Nikasema, ai, kumbe shida inaweza kumfundisha mtu kuandika."

Foleni ikaangua kicheko. Hata mama mwenye leso!

Pesa hazikwenda. Mwalimu atakishika kitabu chake. Jioni hii nimejibu yale maswali ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi (afadhali mtambo umeniamini), nimerudishiwa kisanduku, sura zote zimo.

Lakini nimekaa hapa nikifikiri. Yule mwizi alisoma barua zetu kwa nusu siku tu, akajua ninyi ni watu wa kuvua viatu vyenu mumpe aliyeibiwa. Mimi nimekaa nanyi miaka hii yote na sijawahi kuliandika hilo. Nilikuwa nikihangaika na jua.

Kwa hivyo sikieni. Neno la siri haliombwi na mtu mwema. Na yeyote akiomba pesa kwa maandishi, hata yakiwa matamu namna gani, mtafuteni mpaka mumwone kwa macho.

Na wewe unayetaka kunicheka, tafadhali usiniandikie. Njoo unichekee hapa nyumbani, nijue kweli ni wewe.