Maoni ya Mama Mkwe Kuhusu Tembo

Jumatatu, 3 Machi
Daktari Chileshe, mtafiti, kaja kutoka Lusaka na madodoso arobaini. Eti tembo wamehesabiwa vya kutosha, sasa tuwasikilize watu: kwa nini kamba za pilipili tulizowapa wafukuzie tembo hazionekani mashambani? Ishirini yangu, ishirini ya Zelipa, mwenzangu wa kujitolea hapa mradini. Atakayefanya vizuri anaajiriwa. Maskini Zelipa! Hata kofia ya kazi hana.

Jumanne, 4 Machi
Kumi na tisa tayari! Limebaki shamba la mama mkwe, la kwanza kuvamiwa tembo wakivuka mto. Balaa. Nimhoji vipi mtu ambaye nikimwona njiani naingia kichakani? Miaka sita nimeoa kwao, na kwa mila yetu sijamtazama usoni. Mke wangu Maliya kasema nimpe karatasi akamuulize mama yake. Nimekataa. Hii ni kazi ya kitaalamu.
Zelipa kashinda anamenya karanga na wanawake. Uvivu mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaza mwenyewe. Ameridhika na kamba? Sana. Maoni? Anaomba nyingine. Heshima imelindwa.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kaipenda karatasi namba ishirini! Kataka kumwona huyo mama aliyeridhika. Nimemsindikiza yeye na Zelipa, nikabaki nyuma ya ghala kama inavyonipasa. Nimesikia yote.
Mama mkwe kang'aka: “Nimeridhika na nini? Mnataka kila mvua ikinyesha nipake kamba mafuta na pilipili. Mafuta yenyewe ndiyo haya ya kupikia. Wajukuu wale nini? Kamba zenu nimefungia mbuzi!”
Daktari kauliza basi nani alimhoji. Likatajwa jina langu.
“Lackson? Huyo akinisikia nakohoa tu anakimbia! Labda alimhoji mbuzi.”
Wanawake waliokuwapo wamecheka mpaka wamekaa chini. Suala la mafuta Zelipa alikuwa nalo katika karatasi zake zote. Kazi kapewa yeye. Nimeumia, sifichi. Miaka minne naisubiri.

Jumamosi, 8 Machi
Zelipa kaja na dodoso jipya la mama mkwe. Kasema kwa upole, “Kaka, safari hii mpe wifi Maliya akamuulize. Ukifanya vizuri nitakuombea kwa Daktari.”
Nimetulia, nimelitafakari kosa langu, nimeliona. Nilizidisha furaha. Nimejaza upya: hajaridhika hata kidogo.
Maoni: anamsifu sana mkwewe.