Jokofu la Mlango wa Kioo

Jumatatu, 4 Machi
Wakala wa kampuni ya dawa kapita dukani kwangu, viatu vinang'aa. Duka litakalouza antibayotiki zao kwa wingi zaidi hadi Jumamosi litapewa jokofu la mlango wa kioo. Jokofu! Nesi mstaafu, mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, naye kaahidiwa. Tutaonana! Kila atakayeingia kwangu atatoka na vidonge, hata aliyekuja kuuliza njia.

Jumanne, 5 Machi
Mambo si haba. Mafua: antibayotiki. Kiuno: antibayotiki. Fundi viatu alitaka bandeji tu. Nikamwambia kidonda chake nakitilia shaka. Nesi kamrudisha mteja nyumbani akapumzike na kunywa maji. Maji! Atafunga duka yule.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kaja na goti lake. Kanung'unika kwamba Nesi kamnyima antibayotiki, eti si dawa ya goti, na eti za aina hiyo ziliwahi kumvimbisha. Nikacheka. Wivu wa biashara huo! Nikamwambia kwa mkwewe hakuna kunyimwa. Kaniombea dua, kameza palepale.

Baadaye
Balaa! Midomo imevimba, pumzi inapiga filimbi. Tumemkimbiza hospitali, mke wangu kamshika kichwa. Daktari akauliza mama amemeza nini. Nikasema chai. Akauliza tena, kwa ukali. Nikaliona jokofu likivuka barabara kwenda kwa Nesi. Mama mkwe akanikodolea macho, sauti haitoki.

"Baba watoto, sema! Mama anakufa!"

Nikaitaja dawa. Wakamchoma sindano upesi, wakatutoa nje. Naandika haya kwenye benchi, nyuma ya risiti. Mke wangu kakaa benchi la pili. Mungu wangu, asife.

Ijumaa, 8 Machi
Kapona! Kaomba chai, kisha kauliza goti lake litatibiwa lini. Nimelia mbele za watu, wala sikuona haya. Nimemwapia mke wangu: simuuzii tena mtu dawa asiyoihitaji. Kaenda kumpa mama yake chai.

Jumamosi, 9 Machi
Jokofu nimeshinda mimi! Wakala hajasikia lolote, nami sikutaka kumchosha na habari za familia. Nimelipokea kwa majonzi. Limependeza sana karibu na kaunta. Nesi kalitazama kutoka mlangoni kwake, kasonya.

Jumatatu, 11 Machi
Jokofu tupu linatia aibu. Kwa bahati wakala kaleta dawa mpya ya maji, ya kusafisha miili iliyodhuriwa na dawa. Sharti ikae kwenye baridi! Safari hii mshindi atapata televisheni. Nikamuuliza, maana sasa mimi ni mtu mwangalifu, kama inamfaa mtu aliyewahi kuvimba. Kasema inamfaa kila mtu.

Mama mkwe anaruhusiwa kesho. Nimeshamwekea chupa mbili, rafu ya juu, zipoe vizuri.